Mashine Imesema Sifuri

Mimi na mjukuu wangu ni wake wenza. Mume wetu, yaani babu yake, alikwishatutangulia, lakini bado tunamgombea. Nikimkera, ananiambia babu alikuwa ananivumilia tu. Akinikera, namwambia babu hata jina lako alikuwa analisahau. Ndiyo maisha yetu chini ya paa moja, na kwa kweli mke mwenza kama huyu nisingependa kumgawia mtu.

Basi shangazi yake, binti yangu wa pili, akapiga simu. Ana duka la vifaa vya simu katika mji wa mbali na alihitaji mtu wa kukaa kaunta. Mjukuu wangu alikuwa hana kazi tangu ofisi aliyokuwa akiiandikia programu ilipofunga milango. Kutwa anatuma maombi, na kutwa anajibiwa kwa heshima kwamba asante, tutakutafuta. Hakuna aliyemtafuta. Shangazi yake akasema, "Aje huku, Mama. Hapo nyumbani atageuka pambo." Mjukuu akakubali kwamba asipopata kitu wiki ile, Jumapili atapanda basi. Aliyasema hayo huku anakunja nguo, bila kuniangalia, na mimi nikajibu "Vizuri, vizuri," kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole.

Sikutaka aende. Siwezi kulipamba zaidi ya hapo. Ningeweza kusema nilikuwa namfikiria yeye na masomo yake, lakini nilikuwa najifikiria mimi na ile nyumba jioni, na kiti chake kikiwa kitupu.

Mimi kazi yangu ni kutia nyuzi rangi. Karakana yetu ina chumba cha mbele, chenye meza ya mwenyewe na rafu za nyuzi zilizokauka, na chumba cha nyuma, chenye mapipa mawili makubwa, sufuria za kati, majiko ya gesi, na rafu ya makopo ya unga wa rangi. Sakafu ya huko nyuma haijawahi kuwa na rangi moja tangu niijue. Kucha zangu pia. Mwenye karakana tunamwita Mama Taratibu, kwa sababu huongea kama mtu anayeteremka ngazi gizani, neno moja, anapumzika, neno jingine. Mwenzangu wa mapipa anaitwa Koleo. Anashika vitu vya moto kwa mikono mitupu, na ulimi wake nao ni hivyo hivyo, hauogopi kuunguza.

Shida ya karakana ilikuwa hesabu. Maelekezo yetu ya rangi yote yameandikwa kwa pipa la kilo mia moja za nyuzi, na unga wenyewe kwa kilo. Wateja nao hawaji na kilo mia. Huyu anataka kilo thelathini na saba, yule tano na kitu. Mama Taratibu alikuwa anakaa na kikokotoo asubuhi nzima, anagawanya na kuzidisha kwa mwendo wake ule ule, na sisi tumesimama na majiko yanawaka.

Ndipo nikafungua mdomo. "Mjukuu wangu," nikasema, "anaifanya kompyuta ipige hesabu hizo kwa kufumba na kufumbua."

Nilikuwa sijui kama anaweza. Ukweli ni kwamba mpaka siku ile nilidhani kazi yake ni kuzitengeneza kompyuta zikiharibika, kama fundi wa redio, na nilikuwa nimeshamwahidi jirani atamtazamia friji. Lakini nilisema kwa uhakika ambao hata mimi ulinitisha.

Mama Taratibu akafikiri. "Aje," akasema. Akapumzika. "Ijumaa. Tuna sampuli ya kahawia... ya mteja wa viti. Sampuli ikitoka sawa... nampa kazi. Programu yote ya karakana. Na kuitunza."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, kwa miguu ambayo daktari amenikataza kukimbia nayo.

Mjukuu wangu aliifanya kazi ile kwenye meza ya chakula. Sitajifanya nilielewa. Nilimwona anaandika mistari, anafuta, anaguna, anaandika tena, na mimi nampelekea chai ambayo hakuinywa. Nilipomuuliza ameandika nini, hakuniambia "huwezi kuelewa, Bibi," kama ambavyo wengi wangesema. Alivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Hapa unaandika uzito wa nyuzi zako," akasema. "Hapa unachagua rangi. Yeye anakupa unga wa kupima."

"Nani yeye?"

"Mashine, mke mwenza. Usianze wivu."

Akajaribu, na namba zikajaa. Jamani, namba zile! Zilianza vizuri, kisha nukta, kisha zikaendelea kwenda tu, kama mtu anayesimulia msiba kwenye simu.

"Hizi namba zina mikia," nikasema.

"Ni usahihi, Bibi."

"Usahihi gani unaofika ukingoni mwa kioo? Macho yangu yanachoka katikati ya safari. Nikiwa na mvuke usoni na sufuria inachemka, nitasoma mkia wote huu?"

Aliniangalia macho yangu. Hakucheka. "Nikukatie wapi?"

"Mbili baada ya nukta. Kama watu wastaarabu."

"Unajua mambo wewe," akasema. "Lugha yangu hii ina amri tayari ya kukadiria namba. Unaiambia tu ngapi baada ya nukta." Akabonyeza hapa na pale. Tukajaribu tena kwa kilo mia, kwa sababu maelekezo ya kilo mia nayajua kama jina langu, ningeweza kumsahihisha. Ikatoka: manjano moja nukta tano mbili, nyekundu sifuri nukta saba mbili, nyeusi sifuri nukta sifuri tisa, maana ile nane na nusu na ushee yetu ilipanda ikawa tisa. Fupi, safi, zimejipanga kama wanafunzi wa darasa la kwanza siku ya kwanza.

"Hapo sasa," nikasema.

Jirani aliponiuliza habari za friji, nilimwambia asubiri kidogo, kwa sasa mimi na mjukuu wangu tunaandika programu. Mimi na mjukuu wangu! Kazi yangu ilikuwa chai.

Ijumaa tukaenda pamoja. Alivaa gauni lake la usaili, lile la bluu, na kwenye chumba cha nyuma nikamfunga aproni yangu mwenyewe ili lisiharibike. Koleo akamtazama juu hadi chini.

"Huyu ndiye anayekuja kutufukuza kazi?"

"Nakuja kukupunguzia kusimama, mjomba," akasema mjukuu.

"Kusimama kwenyewe ndiyo kazi yangu. Nikikaa nitasinzia nianguke ndani ya pipa, mnitoe nimekuwa zambarau."

Nikapima nyuzi za sampuli. Zilikuwa kilo tano nukta tatu. Mjukuu akaandika uzito, akachagua kahawia, akaiweka laptopu kwenye rafu, mbali na mvuke, kioo kimenigeukia mimi. Kisha Mama Taratibu akamwita mbele amweleze kuhusu rangi nyingine, nami nikabaki na mizani yangu, Koleo, na kioo.

Kioo kilisema hivi: manjano sifuri nukta sifuri nane. Nyekundu sifuri nukta sifuri nne. Nyeusi sifuri nukta sifuri sifuri.

Nikapima manjano gramu themanini. Nikapima nyekundu gramu arobaini. Nikashika kopo la unga mweusi, nikafungua kifuniko kwa mazoea, kijiko mkononi. Nikasoma tena. Nikafunga kifuniko.

Koleo alikuwa anakoroga. Mkono wake ukasimama.

"Bi Mkubwa. Na nyeusi?"

"Haiwekwi."

"Kahawia haiwekwi nyeusi? Tangu lini?"

"Mashine imesema sifuri."

"Mashine imewahi kutia uzi rangi?"

"Na wewe umewahi kusoma kompyuta?" nikamwuliza. "Si ulishindwa hata kuwasha ile simu uliyopewa na mwanao?"

"Niliwasha. Ilikataa kuzima."

"Basi koroga."

Naomba mnielewe hapa, maana Koleo mpaka leo hajanielewa. Sikuwa nimesahau. Mikono yangu ilikuwa inajua kabisa kwamba kahawia bila nyeusi si kahawia. Imeifanya kahawia ile mara nyingi kuliko ilivyowahi kusuka nywele. Lakini moyo ulikuwa unaniambia mambo mengine. Moyo uliniambia: mtoto huyu amesoma, amekaa siku nzima akiguna, na labda mashine imegundua njia ambayo sisi wa zamani hatukuijua. Na uliniambia kwamba nikitia nyeusi bila kuambiwa, nitakuwa nimesema kwa vitendo kwamba simwamini. Watu wote walikuwa wameacha kumwamini, wakimjibu kwa heshima. Mimi nisingekuwa mmoja wao. Nilikuwa tayari kumwamini mpaka uzi uive.

Ukaiva.

Hiyo rangi sijui niiiteje. Si machungwa, maana chungwa lina aibu yake. Ilikuwa rangi ya koti la mtu anayezuia magari barabarani. Koleo alivuta kitita cha uzi kwa kijiti, maji yakachuruzika, akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Hakusema neno. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza Koleo kukosa la kusema, na mpaka leo naihesabu kuwa wema wake kwangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Taratibu mbele, mjukuu wangu nyuma, na sampuli ya mteja mkononi, kahawia nzito kama udongo uliolowa mvua. Mama Taratibu akaitazama sampuli. Akautazama uzi wangu. Akaitazama tena sampuli, labda kuhakikisha haijabadilika.

"Hii," akasema. Akapumzika sana. "Itaonekana... hata taa zikizimwa."

Nilimwona mjukuu wangu uso ukimshuka. Nikawahi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimesahau kutia nyeusi. Uzee huu, Mama, unachukua kidogo kidogo. Mashine ilisema vizuri kabisa, mimi ndiye niliyeruka."

Koleo akakohoa. Nikamkazia macho. Akaendelea kukohoa.

Mjukuu wangu akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akasoma kioo. Alisimama pale, mgongo wake umetugeukia, na aproni yangu imemfunga vibaya kwa nyuma, na mimi nikatamani jiko lizimike, umeme ukatike, chochote.

"Bibi hajasahau," akasema. "Mashine imemwambia asitie. Kosa ni langu."

"Si lako," nikasema, "ni langu, mimi ndiye niliyesema mikia ikatwe..."

"Bibi. Acha."

"Mtoto huyu anajitwisha tu, Mama, amelelewa hivyo..."

"Mke mwenza!" Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa karibu kucheka. "Unanichongea kwa kunitetea. Ukisema umesahau, wataamini programu ni nzima, wataitumia, na wiki ijayo kila kahawia itatoka hivi. Niache nikosee mwenyewe nirekebishe."

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa sijauona upande huo. Nilikuwa naona basi la Jumapili tu.

Mama Taratibu akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Nieleze," akasema. "Mimi sina haraka."

Hilo tulilijua.

Mjukuu wangu akachukua chaki tunayoandikia uzito na akaandika kwenye ukuta, pale ambapo rangi ya mapipa haijafika. Aliandika sifuri, nukta, sifuri sifuri nne tano moja tano sita.

"Hii ndiyo kilo ya nyeusi inayotakiwa kwa nyuzi hizi. Ni gramu nne na nusu. Kidogo, lakini ipo. Amri niliyoitumia inahesabu kuanzia kwenye nukta. Nimeiambia ibakize mbili, ikabakiza hizi." Akazungushia sifuri mbili zinazofuata nukta. "Kwa pipa kubwa haidhuru, namba ni kubwa. Kwa sufuria ndogo inakula kila kitu kidogo."

"Sasa utaihesabisha... kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwenye tarakimu ya kwanza yenye maana. Hizi sifuri za mbele zinashika nafasi tu. Ni kama mkutanoni, mtu anakuta viti vimewekewa mikoba. Mimi nimehesabu mikoba miwili nikasema watu wameshatimia, nikawafungia nje watu wenyewe." Akazungushia nne na tano. "Tarakimu mbili za maana ni hizi. Nne na tano. Zilizobaki nyuma hata mizani yenu haizioni."

"Kumbe mkia si wote mbaya," nikasema kwa unyonge.

"Mkia ulikuwa sawa, Bibi. Kisu ndicho kilianzia mahali pabaya."

"Na hiyo manjano yangu? Na nyekundu?"

Akapiga hesabu. Manjano ilitakiwa themanini na moja, nyekundu thelathini na nane. Kwa hiyo hata nyekundu tuliizidisha. Yaani katika unga wote uliowekwa pale hakuna hata mmoja uliokuwa sahihi, na mimi niliupima kwa uangalifu mkubwa, nimeshika pumzi ili nisiitikise mizani.

"Lugha yako hiyo haina amri ya kuhesabia kwenye tarakimu za maana?" Koleo akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Hii ninayoitumia haina. Inabidi niiandike mwenyewe. Naisogeza nukta kidogo kidogo mpaka nikutane na tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Nakadiria hapo. Kisha nairudisha nukta kwao."

"Umehamisha, umekata, umerudisha."

"Ndiyo, mjomba."

"Kama kunyoa mtoto anayelia," akasema Koleo. "Unampeleka kwenye mwanga, unamnyoa, unamrudisha kwa mama yake."

Mama Taratibu akainuka kwenye ndoo. Kwake yeye kuinuka ni shughuli. "Nyuzi nyingine zipo," akasema. "Mchana... bado mrefu."

Akaelekea mbele. Alipopita, alikishika kile kitita cha rangi ya ajabu, akakikamua mwenyewe, akakitundika kwenye kamba ya mbele kabisa pamoja na kazi nzuri za wiki ile. Angeweza kukitupa pembeni pale miguuni mwa mjukuu wangu kila mtu akione. Niliangalia vidole vyake vimetiwa rangi kwa sababu yetu, na yeye hupenda mikono safi.

Mjukuu akaandika pale pale, amekaa juu ya ndoo, laptopu mapajani. Mimi sikumpelekea chai. Nilisimama karibu nikawa mzigo wa aina nyingine.

"Unapumua juu ya shingo yangu, Bibi."

"Napumua tu. Ni lazima mtu apumue."

"Pumulia kule kwa mjomba Koleo."

"Kwangu hapana," akasema Koleo. Alikuwa ameinama ndani ya sufuria, anaisugua. Sufuria ile nilikuwa nimeichafua mimi na kuiosha ilikuwa zamu yangu. Nilipomwambia aniachie, alijibu kwamba mikono yangu ikae bure kidogo, imefanya ya kutosha leo. Sikujua kama ni wema au ni kejeli. Kwa Koleo huwa vinakuja katika kopo moja.

Mjukuu akamaliza kuandika. Safari hii nilipima nyuzi nyingine za uzito ule ule, na kioo kikasema: manjano sifuri nukta sifuri nane moja. Nyekundu sifuri nukta sifuri tatu nane. Nyeusi sifuri nukta sifuri sifuri nne tano.

"Bibi," mjukuu akaniuliza, "unaamini?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilitafakari. Mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Naamini kabisa!" kabla sijamaliza kusoma.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Soma kwanza. Ndiyo hivyo unavyotia kahawia?"

Nikasoma, nikazidisha kichwani mpaka pipa la kilo mia, polepole, na midomo inacheza. "Ndiyo," nikasema. "Ndivyo."

"Ungesema hivyo asubuhi, saa hizi ningekuwa nimeshaukausha uzi," Koleo akaiambia sufuria.

Tukatia. Gramu nne na nusu za nyeusi ni unga kidogo sana, hata kijiko cha chai haujazi. Ulipoingia, maji yale ya kupiga kelele yalitulia kama darasa mwalimu anapotokea mlangoni. Tukasubiri. Tukatoa uzi mmoja, tukausuuza, tukaukausha kwa pasi juu ya kitambaa, maana rangi ya uzi mbichi ni ya uongo. Mama Taratibu akaushika kwa kidole gumba juu ya sampuli, akausogeza dirishani.

Alikaa pale muda mrefu. Mjukuu wangu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi mle chumbani mwenye majiko yote yale. Mimi nilikuwa naomba kimya kimya, naomba na huku najaribu kusoma mgongo wa Mama Taratibu, mgongo ambao haujawahi kumwambia mtu chochote.

"Sioni," akasema.

Koleo akachungulia juu ya bega lake.

"Sioni... uzi uko wapi na sampuli iko wapi."

Nilipiga kigelegele ambacho mtu wa heshima asingepiga kazini. Koleo akaziba masikio. Mjukuu wangu alicheka huku analia na akajifuta kwa aproni yangu, na ndivyo alivyopata mstari wa manjano kutoka jicho mpaka sikio, ambao hakuna aliyemwambia.

"Kazi ni yako," akasema Mama Taratibu. "Jumatatu uanze. Nina sharti moja." Tukangoja. "Kila utakachoandika... kijaribiwe kwanza. Na mtu wa humu humu."

"Mimi!" nikasema. "Mimi nipo."

"Si wewe, Bi Mkubwa."

"Kwa nini si mimi? Maelekezo yote nayajua kwa moyo."

"Ndiyo. Kwa moyo." Alinitazama kwa upole, na aliongea taratibu zaidi kuliko kawaida yake, kama mtu anayemtoa mwenzake kibanzi. "Wewe unampenda mno. Akiandika tuuchemshe uzi... kwenye soda... utaniambia niagize kreti." Akageuka. "Nataka mtu asiyempenda mtu yeyote. Koleo."

"Niko hapa," akasema Koleo.

Mjukuu wangu akaniangalia haraka kuona kama nimeumia. Niliumia. Lakini nilipofikiria kile kitita cha rangi ya koti la kuzuia magari kikining'inia kwenye kamba ya mbele, nikaona sina pa kukatia rufaa. Nikamwambia nitampigia shangazi yake mimi mwenyewe nimwambie basi liondoke bila yeye, na hiyo nayo ni kazi, na haitahitaji kupimwa na Koleo.

"Tuanze sasa hivi," akasema Koleo. Alikausha mikono kwenye suruali, akakaa mbele ya laptopu kama hakimu, akachagua kwa kidole kimoja. Alichagua manjano ya kawaida, ile nyepesi, isiyokuwa na nyeusi hata chembe. Akabonyeza.

Kioo kikaganda. Tukasubiri. Kikazidi kuganda.

"Imekufa," Koleo akasema, na furaha yake haikujificha.

Mjukuu wangu akainama, akasoma, kisha akajipiga paji la uso. "Manjano haina nyeusi. Nyeusi yake ni sifuri halisi. Mimi nimeiambia mashine isogeze nukta mpaka ikutane na tarakimu isiyo sifuri. Sasa inasogeza, inasogeza..."

"Na hapo hakuna mtu," akasema Koleo. "Ni mikoba mitupu mpaka mwisho wa dunia."

"Hasa! Mjomba, wewe ni dhahabu! Ningempelekea Mama hii Jumatatu ningeaibika."

Aliniambia mimi lini kwamba mimi ni dhahabu? Alimshika Koleo bega, Koleo ambaye siku nzima alikuwa anamcheka, na wakainamia kile kioo wote wawili, anamwonyesha mstari mmoja wa kuongeza kwamba ukikuta sifuri halisi, iache kama ilivyo, usiitafute. Koleo anauliza na namba zilizo chini ya sifuri je? Na mtu akiandika jina lake badala ya uzito? Mjukuu anacheka, anaandika, macho yanang'aa kama ambavyo sikuwa nimeyaona tangu ofisi ile ifunge.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme kwamba hata hivyo kosa ni dogo, kwamba mtoto amechoka, kwamba mashine yenyewe ni ya zamani. Nikaufunga. Haukufungika vizuri, lakini nilikwenda kuzima majiko.